Shikamoo Zisizoitikiwa

Usiku wa kuamkia leo niliota karakana yetu ya kushona sare za shule imejaa shikamoo hadi darini. Ni zile tunazomwamkia Mzee Mkwizu, meneja wetu, kila asubuhi, naye anapita kimya, macho juu. Kumbe zote zilikuwa zinabaki. Zimekalia vyerehani, zimebanana kwenye viti, nyingine zinapiga miayo.

"Tupisheni tushone," naziambia.

"Hatutoki mpaka tuitikiwe," inajibu moja iliyovimba miguu. "Mimi niko hapa tangu mwaka juzi."

Mlangoni yupo dada Sikitu, mkataji wetu wa vitambaa, mkoba begani. Anaondoka.

"Kazi naipenda, Tunu," ananiambia, "lakini nimechoka kufanywa si mtu."

Sikitu akiondoka, mimi sina cha kunitoa kitandani asubuhi.

"Dada, ningoje kidogo tu!"

Nageuka, karakana imekuwa wodi ya hospitali. Mzee Mkwizu amelazwa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Daktari ni pasi yetu ya mkaa. Inafuka moshi huku ikimbonyeza tumbo.

"Marahaba zimo humu," inasema. "Alizimeza siku alipopewa cheo. Aliambiwa akizitoa hataogopwa."

"Nani alimwambia?"

"Kiti chake."

Nachukua wembe, nafumua kola ya shati lake iliyombana koo, mshono mmoja mmoja. Sijawahi hata kumkaribia mtu huyu. Mzee anakohoa. Inatoka marahaba moja, ndogo, imekunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo.

"Moja tu?"

"Anzeni na hiyo," inasema pasi.

Shikamoo zote zinapanga foleni. Ya mbele kabisa ni ile ya miguu iliyovimba, na sasa naitambua: ni yangu, ya siku niliyoanza kazi. Natamani iitikiwe, wallahi natamani. Lakini Sikitu ameshashika komeo la mlango.

"Mpe yeye," nasema.

"Marahaba, Sikitu," Mzee anatamka, kwa sauti ya mtu anayejifunza kusoma.

Sikitu anatua mkoba. Shikamoo yangu inarudi kuketi.

Nikaamka nimechelewa, simu inaita. Alikuwa Sikitu.

"We Tunu, uko wapi? Mzee kasimama getini tangu alfajiri, kola imefumuka, anaitikia mpaka mlinzi! Tumemwambia aingie ndani, hataki. Anakungoja wewe."