Chumvi ya Mawingu

Nianze kwa kukiri: maneno yale niliyaeneza mimi. Oscar, kijana wa jirani yangu Pudensiana hapa Tengeru, kapata nafasi ya kwenda Australia kusomea namna ya kuyang'arisha mawingu ili dunia ipoe. Nilimsikia akimsimulia binti yangu Lilian. Kufika sokoni, nikasema anakwenda kujifunza kufunga mvua.

Na masika yenyewe yamegoma! Wiki haijaisha, Pudensiana akawa ananuniwa hadi kwenye jumuiya ya sala. Akaifungia pasipoti ya mwanawe kabatini. Ndege ilikuwa kesho yake.

Chai ikanishinda. Nikakata jani la isale uzioni, nikaenda. Sisi Wachaga, anayekuja na isale kuomba msamaha harudishwi.

Nikawakuta sebuleni, hawatazamani.

"Shikamoo, Mama Lilian," Oscar akasema. "Umeleta jani, au umefuata habari mpya?"

"Marahaba. Vyote viwili, mwanangu."

Pudensiana akalipokea bila kucheka. "Nimekusamehe. Ila huyu haendi. Mahindi yananyauka, yeye anakwenda kuchezea mawingu!"

Oscar akasimama, akakaa, akasimama tena. "Mama, mambo haya si ya jana. Mwaka 1946 Wamarekani walishamwaga barafu kavu mawinguni ili yaangushe theluji. Mwaka 1990 Mwingereza mmoja akasema, tukirusha chumvi ya bahari kwenye mawingu ya chini, yatazidi weupe, yalirudishe jua juu. Ni huko baharini, siyo Meru."

"Na mvua ikipotea?" nikadakia.

"Hakuna mwenye uhakika, ndiyo maana tunasoma. Juzi juzi tu, 2024, mji mmoja wa California ulisimamisha majaribio ya chumvi hiyo. Viongozi walilalamika hawakuambiwa mapema."

Pudensiana akamkazia macho. "Hawakuambiwa."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nani aliniambia? Wewe ulisema 'masomo', basi. Ya mawingu nimeletewa na wauza nyanya, kutoka kwa huyu!"

Oscar akarudi kukaa.

"Toka," mama yake akasema. "Kakate isale lako."

Kijana akatoka mbio kuelekea uzioni. Pudensiana akafungua fundo la khanga, akatoa ufunguo wa kabati, akaushika mkononi akisubiri.

"Nawe, Mama Lilian, hili lisifike sokoni."

Nikaitikia. Lakini sikuweza kutulia kitini, na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, siku ya soko.