Muda Wako Umekwisha, Tafadhali Ingia Tena

Sentensi iliyoleta balaa niliiandika mwenyewe: "Muda wako umekwisha. Tafadhali ingia tena." Ilikuwa kwenye mfumo wa kliniki, ule ambao wagonjwa huingia kwa namba na nenosiri wakasoma majibu ya vipimo vyao. Ukikaa nusu saa hujagusa kitu, seva inakusahau, na ukibonyeza chochote inakurudisha mlangoni ujitambulishe upya. Ni usalama tu, majibu ya mtu hayaachwi wazi mezani. Wanaosomea Java, lugha ya kuandikia programu, hufundishwa jambo hili asubuhi kabla ya chai, na sijasikia aliyelia.

Mama Mkubwa akanipigia simu. Ni dada yake mama, ndiye aliyenilea, na alistaafu ukarani wa kupiga chapa akiwa na vidole kumi vilivyoogopwa ofisi nzima. Wiki chache kabla ya hapo walikuwa wamemkata kipande cha nyama kwenye uvimbe wa titi wakakipime. Yeye aliuita kijipu.

"Lidude lenu limeniambia muda wangu umekwisha."

"Ni sesheni tu ya mtandaoni imefungwa, Mama Mkubwa. Unaingia tena."

"Mgonjwa unamwambia muda wake umekwisha, halafu aingie. Aingie wapi, kaburini? Nani kaandika upuuzi huo?"

Nikasema ni timu. Timu ni mimi na bosi, na bosi haandiki.

Nikabadilisha maneno: "Umekaa kimya kwa muda mrefu. Tafadhali ingia tena." Kesho yake, simu. "Sasa linanisema nimekaa kimya. Lilitaka tupige soga?"

Hakuishia hapo. Akadai kwamba kila akifukuzwa na kuingia tena, anatupwa ukurasa wa mwanzo, aanze safari upya kutafuta majibu yake. Hapo, kwa bahati mbaya, alisema kweli. Kile kipande cha programu kinachokaa mlangoni kama bawabu kilikuwa kinamrudisha mtu nje bila hata kumuuliza alikuwa anakwenda wapi. Nikakifundisha adabu: kabla ya kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa kuingia, kikumbuke ukurasa alioomba, na akishajitambulisha kimpeleke palepale. Nikajaribu, kikafanya kazi. Nikajaribu tena kwa hasira, kikafanya kazi vilevile.

Mama Mkubwa akasema bado linamfukuza.

Halafu bosi akaniita. Nesi wa kliniki alikuwa amelalamika kwamba kuna mgonjwa, kila akipigiwa simu aende kwa daktari kuchukua majibu, anasema hana haja, atayasoma mwenyewe mtambo ukishatengenezwa. Anasema fundi ni mwanawe.

"Huyo mama unamjua?" bosi akauliza.

"Namjua."

"Basi nenda kamtengeneze."

Nesi hapigi simu kila mara kwa ajili ya kijipu. Ningeweza kuchungulia majibu yake kwenye hifadhidata, ni kazi ya dakika moja, lakini hayo ndiyo mambo yanayofukuzisha mtu kazi. Na hata yasingefukuzisha, niliogopa. Nikachukua begi nikaenda.

Nilimkuta ameshawasha kompyuta, kitambaa cha mezani kimenyooshwa chini yake kana kwamba inaposwa. Akaketi. Akaandika namba na nenosiri bila kutazama vidole, haraka kuliko mimi ninayelipwa mshahara kwa kuandika. Ukurasa ukafunguka. Ulikuwa na kitufe kimoja tu: "Fungua majibu".

Akakitazama. Kisha akainuka kufuta vumbi kabatini.

"Mama Mkubwa, bonyeza."

"Ngoja, huoni vumbi hili?"

Akamaliza kabati akahamia dirishani. Akakunja shuka ambazo zilikuwa zimekunjwa. Akaniuliza kama ninakula vizuri, akajibu mwenyewe kwamba sili. Akaenda jikoni, vikombe vikagongana muda mrefu sana kwa mtu anayeishi peke yake. Nikakaa nikitazama kitufe, nacho kikinitazama. Alipojua nusu saa imetimia, akarudi, akaketi, akabonyeza.

"Umekaa kimya kwa muda mrefu. Tafadhali ingia tena."

"Umeona?" akapaza sauti kama aliyeshinda kesi. "Umeona linavyonifanya? Limenitoa!"

Nikaja juu. "Halikutoi! Wewe ndiye unangoja likutoe!"

Sikuwahi kumpandishia sauti maishani mwangu. Badala ya kunikaripia akanyoosha kitambaa cha mezani, na hilo likanitisha kuliko kukaripiwa.

"Ingia tena," nikasema, taratibu sasa. "Niko hapa."

Akaingia. Na bawabu wangu, kwa adabu zote nilizomfundisha, hakumpeleka ukurasa wa mwanzo wala kwenye kitufe. Alikumbuka alichoomba. Akampeleka moja kwa moja kwenye majibu, yako wazi katikati ya kioo, hakuna tena cha kubonyeza. Mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa, na mimi nikatamani ungeharibika.

Mama Mkubwa akavua miwani. "Soma wewe."

Nikasoma. Uvimbe ni saratani. Haijaonekana sehemu nyingine. Mgonjwa afike kliniki mapema iwezekanavyo kuanza matibabu. Nilisoma kwa sauti, nikapumzika kwenye kila nukta, kama alivyonifundisha mezani hapohapo nilipokuwa siwezi kutofautisha herufi.

Akafuta miwani kwa pindo la gauni, kioo kimoja, halafu kingine.

"Si ungeniambia tu kwamba unaogopa," nikasema.

"Ningesema naogopa, mngekuja ukoo mzima, mkajaza viti vyangu, mkanililia ningali hai. Nikisema lidude bovu, unakuja wewe peke yako."

Machozi yakanitoka, sikuwahi hata kuyazuia.

"Haya," akasema. "Si ndiyo hayo niliyokuwa nayakimbia?"

Nikafuta uso kwa kiganja, nikamwambia avae viatu twende.