Jumapili Tunakuachilia

Maneno yenyewe yalisemwa jikoni, Alhamisi saa nne asubuhi, na aliyeyasema hata hakugeuka vizuri. Nelima alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Mama Kakenya, mke wa Pasta Parmuat na mama wa nyumba nzima, alichungulia mlangoni, simu sikioni, akaongea na watu wawili kwa mpigo kama kawaida yake.

"Nelima, mama, jitayarishe. Jumapili tunakuachilia. Hapana, dereva, si hapo! Pinda kushoto kwa geti ya bluu!"

Akatoka mbio kulielekeza lori la maji. Basi, hivyo tu! Mtu anaambiwa habari ya maisha yake katikati ya lori na geti, kisha anaachwa na ungo wake. Nelima aliendelea kuchagua, ila sasa alikuwa anatupa maharagwe na kuweka mawe. Saa saba mchana mwanafunzi mwenzake, Kyule, karibu avunje jino.

Wewe ambaye hujawahi kufutwa kazi unaweza kuuliza neno hilo lina ubaya gani. Ngoja nikuambie. Miaka mitatu nyuma Nelima alikuwa anashona nguo kiwandani Athi River, amepanga chumba Kitengela, kila mwezi anawatumia wazazi Bungoma kitu kidogo. Siku moja msimamizi alipanda juu ya kreti akasema, kwa sauti tamu kabisa, "Kampuni imeamua kuwaachilia baadhi yenu." Nelima alidhani wanaachiliwa waende nyumbani mapema. Akapiga makofi! Alipiga makofi peke yake, mpaka akaona wenzake wanalia. Tangu siku hiyo hakutaka tena kulisikia neno hilo.

Na sasa limemfuata mpaka Nyumba ya Watumishi, nje ya Kitengela ukielekea Kajiado, mahali alipodhani Mungu amempa makao. Walikuwa vijana kumi na mmoja, kila mmoja akikaa miaka miwili, wakijifunza kuongoza watu wa Mungu. Walisoma Biblia, ndiyo, lakini pia walichunga mbuzi, walilima sukuma, walisugua vyoo, waligombana na kupatanishwa kabla ya chakula cha jioni. Kwa sheria ya Pasta Parmuat, mwanafunzi ambaye hajaosha sufuria za wenzake mwaka mzima haruhusiwi kuhubiri. Nelima alikuwa ameosha miaka miwili kasoro wiki sita. Alikuwa anatamani kitu kimoja tu: amalize, apewe watu wa kuchunga, ajue kuna mahali anahitajika.

Kwa nini basi wamfukuze? Hapo ndipo moyo ulipomshuka, kwa sababu alijua.

Kila mwanafunzi alipewa mtu mmoja wa nje wa kutembelea kila Jumatano, na kila ziara iliandikwa kwenye kitabu cha ripoti. Nelima alipewa Kokoo Nolari, yaani Bibi Nolari, mjane aliyeishi ng'ambo ya mto mkavu. Nelima anajua Kibukusu, Kiswahili na Kiingereza chake cha shule. Kokoo anajua Kimaasai, na maneno matatu ya Kiswahili: chai, mbuzi na shida. Jumatano ya kwanza Nelima alifungua Zaburi. Kokoo aliichukua ile Biblia kwa heshima zote, akailaza kitandani, akamwekea Nelima mapajani karai la mahindi ya kupukuchua.

Ikawa ni hivyo miezi minane. Salamu, "Takwenya!" "Iko!", halafu wanapukuchua, wanafunga wanambuzi, wanakunywa chai, wananyamaza. Siku moja Nelima alilala usingizi mpaka akakoroma. Ikifika saa kumi Kokoo anatazama jua, anamshika mkono kwa nguvu, anasema, "Tobiko." Nelima hakuhitaji mkalimani kujua anaagwa. Anajibu kwa furaha, "Tobiko, Kokoo!", anachukua begi, anaenda zake.

Kisha kitabuni anaandika: "Tuliomba kwa muda mrefu. Tulisoma Zaburi. Kokoo alibarikiwa sana." Angeandika nini? Kwamba alikoroma? Aliandika hivyo Jumatano thelathini na moja.

Utaniuliza mbona hakumfuata Mama Kakenya aulize maana. Kuuliza! Mwenye hatia anauliza nini? Alizunguka tu kama kuku aliyenyeshewa, akichungulia nyuso za watu. Ijumaa alimkuta Kyule kwa zizi, anashikashika mbuzi migongo.

"Umesikia ya Jumapili?" Nelima akajaribu.

"Eh, kila mtu amesikia. Tutakumis, sister." Kyule akampiga kofi beberu mmoja mweusi. "Huyu ndiye wako."

"Wangu aje?"

"Wa Jumapili. Pasta amesema achinjwe."

Nelima akaduwaa. Wanachinja mbuzi kwa sababu wananifukuza? Kule kiwandani hawakupewa hata soda. "Na wewe unaona ni sawa?"

"Ni sawa kabisa! Kwani utakaa hapa milele? Wacha uende."

Nelima akaondoka, macho yamejaa machozi, na Kyule akabaki na beberu wake akijiuliza amekosea wapi.

Jumamosi asubuhi alishindwa kuvumilia. Akachukua kitabu cha ripoti, akaenda kwa Pasta Parmuat, aliyekuwa amechuchumaa chini ya tangi akifunga bomba kwa mpira.

"Pasta, nimekuja mwenyewe kabla hamjanifukuza."

"Kukufukuza? Nani anakufukuza?"

"Mama alisema Jumapili mnaniachilia."

Pasta alimtazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. "Mama wee! Kuachiliwa ni kutumwa, Nelima! Tunakuachilia uende kwa huduma. Watu wa ng'ambo, kwa kina Kokoo Nolari, wanataka kanisa. Tumekuchagua wewe ukalianzishe."

Angekuwa mtu mwingine angeruka juu. Nelima alijisikia vibaya kuliko mwanzo. Kile alichokitamani miaka miwili kilikuwa kimewekwa mbele yake, na yeye ameshika kitabu cha uongo.

"Pasta, mmenichagua kwa nini?"

"Kwa hicho ulichoshika! Niliwasomea wazee wa kanisa ripoti zako. Mzee Ondiek alilia machozi."

"Ni uongo, Pasta."

Kicheko kikakatika. "Ripoti gani?"

"Zote. Sijawahi kuomba na Kokoo, isipokuwa kubariki chai. Zaburi hatujasoma hata moja. Huwa tunapukuchua mahindi tu."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye bomba, na hakuna aliyeyajali. Pasta alipokea kitabu, akakifungua, akakifunga. Alionekana kama mtu aliyeshuka stendi siyo yake.

"Sasa kesho mnaniachilia aje?" Nelima akauliza. "Ya kutumwa, ama ya kufukuzwa?"

"Sijui," Pasta akasema. "Haki ya Mungu, sijui. Kesho utawaambia watu wewe mwenyewe, halafu tuone."

Nelima akarudi chumbani. Alifungua begi alilokuwa amelifunga tangu Alhamisi, akalitazama, akalifunga tena. Hakujua anayetumwa hubeba nini na anayefukuzwa hubeba nini.

Jumapili hema la ibada lilijaa. Wazee wa kanisa walikaa mbele, Mzee Ondiek akiwa na leso yake tayari, na nyuma yao Kokoo Nolari, aliyevuka mto kwa fimbo, amevaa shanga zake zote. Kando yake alikaa Soila, mwanafunzi Mmaasai kutoka Rombo, wa kumtafsiria.

Nelima alisimama akasema yote, bila kujitetea. Alisema hata kule kukoroma. Alipomaliza, kilichosikika ni beberu wa Kyule akikaangika nje. Mzee Ondiek akakunja leso, akairudisha mfukoni. "Kumbe nililia bure," akanung'unika, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Kokoo akamvuta Soila shuka: huyu amesema nini? Soila akamnong'onezea. Kokoo akasimama, na maneno yaliyotoka hapo yalikuwa mengi na ya moto, fimbo inapiga ardhi.

"Anasema," Soila akaanza polepole, "wale mliomletea mwanzoni waliomba sana, mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyerudi mara ya tatu. Huyu amerudi." Akasikiliza tena. "Anasema mambo ya kitabu ni yenu, yeye hajui kusoma. Lakini amekasirika. Amemkasirikia Nelima kwa jambo lingine."

"Jambo gani?" Pasta akauliza.

Soila alimgeukia Nelima, uso umejaa maswali. "Anauliza, mbona kila Jumatano anakushika mkono anakuambia ukae, na wewe unamwambia akae, halafu unachukua begi unaenda?"

"Mimi? Aliniambia nikae lini?"

"Tobiko," Soila akasema. "Si ndiyo kaa? Baki. Kwani ulidhani ni nini?"

Nelima akaelewa. Aibu ya kitabu ilikuwa ndogo, ndogo kabisa. Alikumbuka ule mkono, jinsi ulivyomng'ang'ania, na jinsi alivyouchomoa taratibu akidhani ni uzee. Alikumbuka Kokoo akisimama mlangoni mpaka yeye amevuka mto, na yeye akipunga mkono kwa furaha. Mara thelathini na moja bibi wa watu amemwomba abaki, na yeye anamjibu baki, Kokoo, baki! Alilia mbele ya watu wote, kwa sauti, bila leso.

Pasta Parmuat akasimama. "Leo tunamwachilia Nelima..." akaanza, kisha akakwama, akawatazama wazee, wazee wakatazama viatu vyao. "Kanisa lingoje," akasema mwishowe. "Nelima hatahubiri mwaka huu. Hilo la kitabu tutalizungumza Jumanne. Lakini Kokoo amemwomba akae naye, na mimi sioni nani kati yetu anaweza kukataa."

Nyama ililiwa na watu ambao hawakujua kama wako kwa sherehe au kwa msiba. Kyule alimkabidhi Nelima ubavu mzima, akasema, "Hongera," akafikiri, akaongeza, "ama pole." Nelima akapokea vyote viwili.

Mchana walivuka mto wawili, Kokoo na fimbo yake, Nelima na begi lake. Njiani Nelima alijiuliza kama ametumwa au amefukuzwa, na kila akidhani amepata jibu, lilimponyoka. Walipofika, Kokoo alitoa karai. Wakapukuchua.

Saa kumi Kokoo alitazama jua. Kisha akatazama begi, lililokuwa pale mlangoni. Mikono yake ilibaki kwenye mahindi, na hakusema chochote, kama mtu aliyechoka kukataliwa. Nelima akaunyoosha mkono wake, akaushika ule wa Kokoo, kwa nguvu.

"Tobiko, Kokoo," akasema, na hakuinuka.

Kokoo akaenda kuongeza maji kwenye sufuria ya chai.