Mwaka Lowell Alipopanga Masomo

Mdogo wangu Lowell alijitolea kuwa mwalimu akiwa na hindi mdomoni. Ilikuwa mwisho wa Julai, tumekaa jikoni kwake, mahindi yametoka shambani muda huo huo na siagi inatutiririka hadi kwenye viwiko. Mkewe, Gretchen, alifuta mikono akatuambia kwamba mkunga wa wilaya yetu anastaafu, na kwamba chuo kimekubali amalizie mafunzo ya ukunga aliyoyaacha alipojifungua mtoto wa pili. Angekuwa anaondoka kila Jumatatu kwenda Minnesota na kurudi Alhamisi jioni.

"Hongera, wifi," nikasema. "Ulichelewa tu."

"Na sisi je?" akauliza Britta, binti yao wa miaka kumi na tatu. "Nani atatufundisha?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Watoto wale hawajawahi kukanyaga darasa la shule. Katika vilima vyetu hivi vya Wisconsin familia nyingi husomesha watoto nyumbani, na kwa Lowell mwalimu alikuwa Gretchen tangu mwanzo.

"Mimi," akasema Lowell, huku anatafuna.

Otto, mwenye miaka saba, alimtazama baba yake kwa makini. "Kwani wewe unajua kufundisha?"

"Nimewafundisha mbuzi kuingia bandani kwa foleni."

"Mbuzi hawafanyi hesabu za sehemu," Britta akamwambia.

"Hakuna aliyewauliza."

Tulicheka, lakini Gretchen hakucheka. Alimwangalia mumewe kama mtu aliyepewa zawadi na anaogopa kuifungua. Mwaka hadi mwaka, Agosti ilipofika, meza ile ya jikoni haikuonekana. Gretchen alitandaza vitabu, kalamu za rangi na kalenda, akapanga mtaala wa mwaka mzima, wiki kwa wiki, huku anaimba. Sasa akasema, "Basi nitakupangia kila kitu kabla sijaondoka. Wewe utafuata tu."

"Hapana," akasema Lowell. "Anayekamua ndiye anayejua chuchu. Nikifundisha mimi, nitapanga mimi."

Ni mkaidi tangu utotoni. Mimi ni dada yake mkubwa, naishi ng'ambo ya barabara, na ukaidi huo nimeuona tangu alipokuwa anavaa bukta.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwenye mnada wa vitabu. Akina mama wanaosomesha nyumbani hukutana kila kiangazi kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa letu la Kilutheri na kuuziana vitabu vilivyotumika. Lowell alikuwa mwanamume pekee, kofia mkononi, buti zinanuka banda. Darlene Kvamme, ambaye ana watoto sita na sauti ya kuita ng'ombe, alimkamata kabla hajashuka ngazi ya mwisho.

"Lowell Tollefson! Nimesikia. Haya niambie, wewe ni wa mbinu gani?"

"Mbinu ya nini?"

"Ya kufundisha. Wengine tunafuata vitabu vya kale. Wengine wanamwacha mtoto asome anachopenda. Wengine wanafanya kila kitu kama shuleni, hadi kengele wanagonga."

"Mimi nafuata mbuzi," akasema Lowell.

Darlene aliwageukia wenzake. "Jamani, huyu hana mbinu." Wakamzunguka kama kuku waliomwagiwa punje. Huyu anamwambia asianze na sarufi, yule anamwambia asithubutu kuacha sarufi. Mmoja alimshikisha mtoto wake mchanga ili apate mikono ya kumwonyesha kitabu cha mimea. Nilimwacha. Nilikuwa na kahawa yangu na kipande cha keki ya rubabi, ule mmea mchachu wa bustanini.

Tulipofika nyumbani alishusha mali yake mezani: tufe la dunia lenye nchi ambazo hazipo tena, hadubini, tarumbeta, na sanduku la viatu lenye mifupa ya sungura, kamili, mpaka ya vidole.

"Na kitabu cha hesabu?" akauliza Gretchen.

Lowell alitazama mezani, akatazama ndani ya gari, akarudi. "Hesabu nimesahau."

"Tarumbeta hukusahau."

"Ilikuwa inanitazama."

Gretchen aliingia chumbani na kufunga mlango, na nilidhani amekasirika, hadi niliposikia kicheko kupitia ukutani. Darlene alituletea vitabu vya hesabu kesho yake bila kuulizwa.

Ratiba aliiandika kwenye karatasi ile ngumu ya kufungia nyama, urefu wa meza nzima, kwa kalamu ya kuwekea mbuzi alama. Aliificha hadi ilipokamilika, kisha akamwita Britta aikague, kwa sababu alimwogopa Britta kuliko mkewe. Mimi nilikuwa namenya nyanya za kuweka kwenye chupa, nikaona yote.

Britta aliipitia polepole, mikono nyuma kama mkaguzi. "Baba, sayansi umeiweka saa kumi na moja alfajiri."

"Si mnakuwa macho?"

"Mbuzi ndio wanakuwa macho. Na hapa Jumanne umeandika 'Historia yote.' Yote?"

"Jumanne ni ndefu."

"Chakula cha mchana kiko wapi?"

Lowell alikuna shingo. "Mtakula mkisikia njaa."

Walikaa wakaifanyia kazi pamoja, wakikata na kubandika. Sayansi ikasogezwa hadi jua liwe limepanda. Historia ikapunguzwa hadi Warumi. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba mambo yatakwenda, ndipo Britta akapitisha kidole kwenye karatasi toka Jumatatu hadi Ijumaa, akarudia.

"Umesahau kusoma baada ya chakula."

Nyumbani kwao hilo ndilo lilikuwa somo la masomo. Sahani zikishaondolewa, Gretchen alichukua kitabu cha hadithi na kuwasomea kwa sauti, Otto miguuni, Britta anafuma, hata mbwa analala kwa heshima. Walimaliza vitabu vinene namna hiyo. Lowell saa hizo huwa na kazi nje, daima.

"Sikusahau," akasema. "Hakuna nafasi."

"Kuna nafasi ya tarumbeta."

"Britta, nimesema hakuna nafasi." Akakunja karatasi yake, akatoka.

Jioni ile Britta alivuka barabara akaja kukaa kwenye ngazi zangu, magoti kidevuni. "Shangazi, hataki kutusomea kwa sababu hapendi vitabu. Sasa kwa nini alisema atafundisha?"

Nilijua jibu, lakini halikuwa langu kulitoa. Nilikuwa shule moja na Lowell. Alipokuwa darasa la tatu mwalimu wake alikuwa na tabia ya kumsimamisha kila siku asome kwa sauti. Neno likimkwama, anaanzishwa tena sentensi tangu mwanzo, na wenzake wanacheka hadi wanagonga madawati. Nilikuwa napita kwenye ujia na kumwona kupitia mlango, masikio mekundu kama nyanya. Alikuja kujifunza kusoma vizuri tu, lakini polepole, na kwa macho peke yake. Tangu siku hizo sijawahi kumsikia akisoma sentensi moja kwa sauti mbele ya mtu. Kanisani husogeza midomo tu.

Asubuhi nilimkuta anakata kwato. Alinipa mguu wa mbuzi niushike, basi nikaushika.

"Mtoto amekuja kwangu," nikasema. "Anadhani hupendi vitabu."

"Afadhali adhani hivyo."

"Gretchen anajua?"

"Anajua nasoma taratibu. Hajui mengine." Aliendelea kukata. "Dada, nitawafundisha hesabu, nitawafundisha mifupa, nitawafundisha hata hao Warumi. Hilo moja siliwezi. Watanicheka, halafu kuanzia hapo nitawafundisha nini?"

Nilimwambia tu kwamba Britta na wale wa darasa la tatu si watu sawa. Akaniambia niushike mguu vizuri.

Yaliyofuata alinisimulia Britta mwenyewe. Siku chache kabla Gretchen hajaondoka, Britta aliamka mapema akaenda bandani kuchukua ndoo. Akasikia mtu anazungumza. Sauti ilikuwa ya baba yake, lakini haikuwa sauti anayoijua. Ilikwenda kidogo, ikasimama, ikaenda tena, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alichungulia. Lowell alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kukamulia, mashine inanguruma, na juu ya pipa la chakula ameegemeza kitabu kipya cha hadithi ambacho Gretchen alikiacha mezani, kile cha msichana anayemtafuta farasi wake milimani. Kidole chake kilikuwa chini ya mstari. Mbuzi mzee anayeitwa Duchess alikuwa anamtazama usoni na kucheua.

"Baba?"

Alifunga kitabu haraka kiasi kwamba Duchess alirudi nyuma. Britta anasema masikio yake yalikuwa mekundu. Kisha akamweleza, yote, hata mwalimu yule, hata madawati.

Britta alifikiri. "Na kwa nini mbuzi?"

"Hawasahihishi."

Msichana aligeuza ndoo, akaikalia. "Soma basi. Nataka kujua kama alimpata farasi."

"Nasoma polepole, Britta."

"Sina basi la kuwahi."

Akasoma. Neno lilipomkwama, Britta alitazama paa. Hakumsaidia, na hakucheka ila pale penye kuchekesha, ambapo Lowell naye alicheka. Walipomaliza sura, mbuzi walikuwa wameshakamuliwa zamani na wanalalamika kufunguliwa.

Hapo ndipo Britta alipomwambia jambo ambalo Lowell hakuwa amelifikiria. "Otto ni hivyo hivyo. Mama amejaribu kiangazi chote. Anasoma neno moja, anaangalia uso wa mama, anaacha. Si kwamba hajui. Anaogopa uso."

"Uso wa mama yenu hauna ubaya."

"Ndiyo. Ila unatumaini sana."

Lowell alisimama katikati ya banda na kuwatazama mbuzi wake, nyuso zile ndefu ambazo hazitumaini chochote ila chakula. Kisha wakaenda jikoni, wakaikunjua ile karatasi ya nyama.

Jumapili Gretchen alikuwa anafunga mizigo. Ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani, imefunika hadi dirisha nusu. Aliisoma akiwa na soksi mkononi. "'Baada ya chakula: kusoma, bandani.' Lowell, nani anamsomea nani?"

"Mimi nawasomea watoto. Otto anawasomea mbuzi. Britta anatupokea tukichoka."

Gretchen aligeuka. Lowell alikuwa anaosha sahani moja kwa muda mrefu mno. Akamweleza, mgongo kwake, maneno machache kuliko aliyomweleza binti yake. Mimi na watoto tulijifanya tunatafuta kitu sebuleni. Baadaye nikasikia sauti ya wifi yangu, imelowa kidogo lakini ina kicheko ndani. "Miaka yote hii nilidhani unakimbilia trekta."

"Trekta nayo ilikuwa mbovu."

"Kila wiki hakuna hesabu siku ya Alhamisi. Umeiona?"

"Alhamisi unarudi wewe. Tutakuwa tunapika."

Shule ilifunguliwa Jumanne baada ya Siku ya Wafanyakazi, ambayo huku ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Basi la njano la watoto wa shule ya mjini lilipita barabarani, Otto akalipungia mkono kama kawaida yake. Mchana niliwapelekea maandazi ya mdalasini nikawakuta bandani. Lowell alisoma sura, akapita mawe yake moja moja. Kisha akampa Otto kijitabu chembamba na kumwonyesha Duchess.

Otto alisimama mbele ya yule mbuzi. "Pa-ka," akasema. Alimtazama usoni. Duchess alicheua. "Paka... a-na-ka-a." Akatazama tena. Hakuna kilichobadilika kwenye uso ule. Basi akaendelea, sentensi nzima, ya pili, ya tatu, sauti inapanda, hadi Duchess alipopata hamu na kung'oa ukurasa wa nne. Otto alivuta upande mmoja, mbuzi upande wa pili, na mbuzi akashinda.

"Baba, amekula mwisho wa paka."

"Basi itabidi mtu auandike," akasema Lowell. "Mimi sijui paka alifanya nini."

"Mimi najua," akasema Otto, na kwenda kutafuta kalamu. Lowell alinitazama huku amefumba mdomo kwa nguvu, kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa hadi ukingoni.

Mwaka haukwenda kama ratiba. Warumi walifika majira ya baridi wakakwama kwenye theluji pamoja na sisi. Tarumbeta tulimwomba Otto aipulizie malishoni, na majirani wa malisho wakaomba aipulizie kwingine. Ilipofika Krismasi mtoto alikuwa anasoma maandishi ya kwenye magunia, ya kwenye makopo, na ya kwenye simu ya mama yake ambayo hayakumhusu. Lowell hajawa mwepesi, bado anatumia kidole. Lakini siku za Ijumaa watoto wa Kvamme walianza kuja kusikiliza, sita wote, wamekaa kwenye marobota ya nyasi wamejifunika mablanketi, na Darlene nyuma yao anafuma. Siku moja neno lilimkwama mdogo wangu mbele ya umati ule wote. Alisimama. Binti mdogo wa Darlene akasema, "Chukua muda, tuna nyasi tele," na Lowell akachukua muda, akalipata, akaendelea na farasi.