Kinyama cha Mara ya Pili

Jina la Bi Saa alibandikwa na wenzake wa maabara, na wala halikuwa la heshima. Mtu mzima gani anatembea na saa ya kuhesabia sekunde shingoni, hata akienda kula? Walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Yeye hakujali, maana alijua kwa nini anaivaa.

Kisa chenyewe ni mama mmoja fundi cherehani. Mama huyo alikuwa na uvimbe tumboni, na madaktari hawakuweza kumchagulia dawa mpaka wasome RNA ya uvimbe wenyewe, yaani ule ujumbe uliomo ndani ya seli. Sasa ujumbe huo una vituko: nyama ikishatoka mwilini, huanza kukatikakatika palepale, na jasho la kidole kimoja tu linatosha kuumaliza. Mara ya kwanza Profesa, daktari mkuu wa upasuaji, alikitoa kinyama cha uvimbe huo, akakiweka kwenye sahani, akawaita wanafunzi wake. Wakakigeuza, wakaulizana maswali, wakataniana. Bi Saa alisimama pembeni na kichupa chake mkononi, amefyata mkia, anaogopa kusema samahani. Dakika thelathini na tano, jamani! Majibu yakarudi: haisomeki.

Ndiyo maana mama wa watu akawa anakatwa tena. Na mara ya tatu haikuwapo. Madaktari walishasema mwili hautastahimili.

Asubuhi ya upasuaji Bi Saa alipita wodini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe mwenye vichupa?" Mama akacheka kidogo. "Mimi nikiharibu kitambaa cha mteja, duka nalijua. Wewe kinyama changu hiki ukikiharibu, utakwenda kununua wapi?"

Bi Saa alicheka naye, lakini utani ule ulimchoma. Alitoka pale bila kusema alilotaka kusema.

Akajifunga kibwebwe. Alifuta meza mara mbili, akavaa glavu mpya, akapanga vichupa vyenye maji ya kuhifadhia, akaandika lebo kwa penseli kwa sababu wino hufutika spiriti ikimwagika. Kisha akasimama, si pembeni safari hii, bali ubavuni mwa Profesa.

Kinyama kilipotoka, akabonyeza saa.

"Haya, wanangu, sogeeni muone," Profesa akasema.

"Profesa, naomba nikichukue."

"Subiri kidogo."

Sekunde arobaini zilikuwa zimekwisha. Akapiga moyo konde.

"Sisubiri, Profesa. Mara ile nilisubiri, ndiyo maana mama yuko hapa tena. Anayetaka kuona aje aone nikikikata."

Loo! Nesi akajifanya anahesabu pamba. Profesa alimkazia macho juu ya barakoa, kisha akamsogezea sahani.

"Mfuateni," akawaambia wanafunzi.

Bi Saa akakikata vipande vidogo kama punje za mahindi, kwa kuwa yale maji hayapenyi kwenye bonge. Wanafunzi walimzunguka. Alipofunga kifuniko cha mwisho, saa ilisema dakika nne.

Wiki ya pili majibu yakaja. Uzima wa RNA hupimwa mpaka kumi. Kinyama cha kwanza kilipata mbili, hiki kikapata nane na nusu. Dawa ikajulikana. Wenzake wakampigia makofi, na Profesa naye akatuma salamu. Bi Saa hakukaa kusherehekea. Alikwenda moja kwa moja wodini, akampa mama habari njema, halafu akabaki amesimama.

"Mama, kile cha kwanza hakikuharibika chenyewe. Kilikaa mezani nikikiangalia. Niliogopa kusema."

Mama aliweka mkono juu ya bandeji.

"Kilikaa muda gani?"

"Dakika thelathini na tano."

"Na hiki?"

"Nne."

"Ungeanza na hizo nne, mwanangu."

Bi Saa hakujitetea. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke.

"Ndiyo, mama," akasema.

Mama akanyoosha mkono, akaishika ile saa iliyoning'inia shingoni mwa Bi Saa, akaigeuza, akaitazama.

"Usiivue," akamwambia.