Bendera Inaposhushwa

Kwa maelezo ya Janepher, mke wa askari jela, balaa lilianza tarumbeta ya jioni ilipolia kwenye kambi ya jeshi. Njia nzima ya mtaa wa Namatala iliganda kama ilivyo ada: wenye baiskeli wakakanyaga chini, wachota maji wakaacha ndoo zifurike, hata mlevi mmoja, Janepher aliapa, aliuegemea upepo akatulia. Bendera ikaanza kuteremka. Ndipo Nulu, binti wa Mariat, alipochomoka kufukuza kipepeo, akapita mbele ya mitutu ya bunduki, akaizunguka nguzo ya bendera huku akicheka.

"Mama Nulu, ulimzaa juu ya kichuguu cha siafu?" Janepher alimalizia. "Yule askari kijana alikuwa ameshakoki bunduki. Afande Otim, mkubwa wao wa langoni, ndiye aliyemdaka mtoto. Amesema mara ya pili huenda asiwahi."

Mariat, ambaye homa ilikuwa imemlaza siku hiyo, aliinua kichwa akamtafuta mtoto kwa macho. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini vilikuwa vimeacha mazoea yao mitaani kama mgeni aliyeaga akasahau fimbo yake. Aliyesogea wakati wa bendera alikuwa adui. Na bomba pekee lililobaki na maji lilikuwa mkabala na lango la kambi, likifunguliwa jioni tu.

Tangu wahame kutoka Jinja alikwisha kujaribu kila dawa ya kumtuliza Nulu. Shehe alimwandikia mtoto kombe la aya za kuoshwa na kunywewa; Nulu akalinywa nusu, nusu akaimwaga akikimbilia mlio wa kuku. Mwalimu alimrudisha nyumbani akisema, "Akili anayo, makalio ya kukalia hana." Na fimbo ya Mariat mwenyewe haikuwahi kukaa sana bila kazi.

Homa ilipompungua, alimsimamisha mtoto uani.

"Tucheze bendera. Mimi ni tarumbeta. Ukinisikia, usitikisike."

Akaigiza mlio kwa mdomo. Nulu akasimama wima kama askari. Mariat, ambaye kutazama ndiko kulikokuwa elimu yake tangu aachie shule darasa la sita, akatazama. Vidole vya miguu vilianza kuchimba vumbi. Goti likafuata. Macho yakamponyoka kumfuata mjusi ukutani, yakarudi kwa mama, yakaponyoka tena. Mtoto aliung'ata mdomo mpaka ukavuja damu. Kisha mjusi akakimbia, na Nulu nyuma yake.

Aliporudi alikuwa analia. "Nimejikaza, mama. Miguu haikunisubiri."

Mariat akamvuta kifuani. Siku zote alikuwa ameona kiburi. Kumbe alikuwa akimchapa mtu anayezuia mto kwa viganja. Hakuwa na jina la jambo hilo, wala hakujua pa kuliulizia.

Jioni alimwomba Janepher abaki na mtoto. "Huyo? Mimi si ng'ombe wa kukimbizana naye," Janepher alisema, bila ubaya, akaendelea kupepeta mtama. Basi Mariat akachukua ndoo na mtoto, akawahi kambini.

Otim alikuwa langoni akifunga kamba za buti.

"Jambo, afande."

"Jambo, mama. Ndiye huyu mtoto wa mbio?"

"Ndiye. Si mjeuri, afande. Anataka kutulia, hawezi."

"Mimi pia nina watoto. Wanatulia."

"Wamejaliwa."

Otim akamtazama Nulu, ambaye tayari alikuwa akibembea kwenye mti wa kizuizi. Sauti yake ikashuka. "Sikiliza, mama. Hawa vijana wametoka vitani juzi. Wakiona kitu kinakimbia, kidole kinatangulia akili. Mfungie ndani."

"Nyumba haina mlango, afande. Uligeuka kuni wakati wa vita."

Otim akarudia kamba ya buti, ingawa ilikuwa imeshafungwa.

"Basi waite vijana wako," Mariat alisema. "Wamtazame uso. Waambie wewe, kwa sauti yako, kwamba huyu akikimbia ni mtoto tu. Wewe watakusikia."

Otim alifumbua kinywa. Ndani ya kambi, tarumbeta ikalia.

Kinywa kikafumbika. Mikono yake ikanyooka ubavuni, macho yakahamia juu ya kichwa cha Mariat. Foleni ya maji ikanyamaza. Mariat akasimama wima, akiubana mkono wa Nulu, akiusikia ukijikaza, ukichezacheza, ukijikaza tena ndani ya jasho la kiganja chake. Akaitazama midomo ya Otim, akingoja iwaambie vijana.

Bendera ilikuwa haijafika hata nusu ya nguzo.