Pigo Lililomezwa

Zlatina aliinama juu ya gitaa langu la besi akanusa nyuzi, kama mtu anayenusa maziwa aliyoyatilia shaka.

"Kaka Naiden, nyuzi hizi zina umri gani?"

"Kumi na moja."

"Miezi?"

"Miaka."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa jukwaa. "Hizi zimekufa, kaka. Tuzifanyie arobaini tu zipumzike."

"Hazijafa, zimetulia. Uzi mpya unapiga kelele kama kijiko kwenye bilauri. Mimi nataka mlio unaofika tumboni kabla ya masikioni. Jasho langu limo humo, vumbi la viwanja vyote vya wilaya hii limo, mafuta ya kondoo wa harusi yamo. Ukibadilisha nyuzi umemfukuza mfanyakazi mzoefu."

"Haya. Sasa nimeelewa kwa nini mpaka leo uko hapa."

Alisema kwa utani, wala hakujua amenichoma wapi. Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa nyumba ya kusomea na burudani ya kijiji chetu, na Zlatina nilikuwa nimemleta ili mimi nipate kuondoka. Bendi yetu ya harusi ina sheria moja iliyonikuta: anayetaka kutoka huleta wa kukaa mahali pake, na mkuu wa bendi lazima aseme kwa kinywa chake, "Huyu ndiye." Mkuu huyo ni Mzee Stamen, mpiga klarineti, mwenye miaka sabini na mmoja, baba wa mke wangu na mwenye nyumba ambayo mimi naishi ghorofa yake ya juu. Tangu majira ya kuchipua nilikwisha kumletea watu watatu. Wote watatu waliangukia kwenye wimbo uleule.

Na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Huko mjini Plovdiv kuna mpiga gitaa anaitwa Asen, ana kikundi cha watu watatu kinachopiga nyimbo zao wenyewe, polepole, mbele ya watu waliokaa kimya. Alikuwa amenishikia nafasi tangu Pasaka. Saa saba mchana angenipigia simu asikie ndiyo au hapana, na ikiwa hapana, kesho yake angemchukua mwingine.

Nina miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na sita Jumamosi zangu zote zimeliwa na harusi za watu wengine. Nimekaa kiti cha katikati cha gari la bendi, magoti yamebanwa na spika, ubavuni ngoma kubwa, nikirudi kwenye nyumba ya mtu yuleyule niliyepiga naye kutwa. Sitaficha: nilikuwa nimenaswa, na ubaya wake ni kwamba aliyeninasa nilikuwa nampenda.

Zlatina alitoa besi yake kwenye mfuko. Ilikuwa nyeusi, ya nyuzi tano.

"Uzi wa tano wa nini?" nikamuuliza. "Miye hata kwenye hizi nne, mmoja huwa najiuliza kazi yake."

"Wa kutishia wapiga gitaa. Na hiyo amplifaya yako ni nini, kabati la nguo?"

"Imenivunja mgongo hiyo, lakini ikiunguruma, bibi harusi anaisikia kwenye viatu."

"Yangu naibeba kwa vidole viwili, mkono wa pili nimeshika sahani." Aliketi kando yangu. "Unapiga kwa vidole vingapi?"

"Viwili. Cha tatu nakitumia kumwonya mpiga ngoma."

"Na mkono wa kushoto? Nimekuona kwenye video, unanyamazisha noti mapema kuliko watu wote ninaowajua."

Hilo lilinifurahisha, kwa sababu ndilo jambo pekee ninalojivunia. Nikamwonyesha jinsi ninavyoulegeza mkono bila kuuondoa, uzi ukazimika lakini pigo likabaki hewani. Alijaribu, akakosa, akajaribu tena, akapata. Alikuwa na vidole vizuri kuliko vyangu, na sikuona wivu hata kidogo. Nilikuwa namwangalia kama mfungwa anavyomwangalia fundi wa kufuli.

Alinihadithia habari za hoteli ya pwani alikopiga misimu mitano. "Nyimbo arobaini zilezile, kaka. Mwimbaji akisema 'na sasa kitu maalumu,' nataka kulia. Wageni wanakuangalia kama wanaangalia dirisha. Mama yuko peke yake hapa na ile miti yake ya plamu. Harusini angalau mtu anakuita kwa jina."

"Anakuita umpishe apite na sufuria."

"Na iwe hivyo." Akatabasamu. "Harusi ya binamu yangu niliacha kupiga kwa nyimbo mbili nikale. Hakuna aliyegundua."

"Hawakugundua, lakini walikaa chini."

Alinikodolea macho. "Kweli! Walikaa! Wote! Nilifikiri ni joto."

Tulikuwa bado tunacheka Mzee Stamen alipoingia, na nyuma yake Kosyo mpiga ngoma, amebeba banitsa, mkate wetu wa matabaka wenye jibini, iliyofungwa kwa taulo. Mzee hakuuliza maswali. Alimpa Zlatina mkono, akalowesha ulimi wa klarineti mdomoni, akaanza. Nyimbo nne za kwanza zilikwenda vizuri hata nikaanza kupanga kichwani nitaiweka wapi besi yangu huko Plovdiv. Mzee aliinua unyusi mmoja, na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Kisha akaanza ile ngoma ya mapigo kumi na moja, iliyowaangusha wale watatu. Kwa miguu ni rahisi, kwa kichwa ni taabu: fupi, fupi, ndefu, fupi, fupi. Kila fupi ina mapigo mawili na ile ndefu ya katikati ina matatu, na ndiyo inayowapa wachezaji nafasi ya kuzunguka. Walikwenda sawa sehemu ya kwanza, wakaenda sawa ya pili. Mwisho wa sehemu ya tatu, pale tunapopaita kona, klarineti ikaenda upande huu na besi upande ule, Kosyo akabaki katikati akipiga hewa.

"Tena," alisema mzee. Wakarudia. Wakaanguka palepale.

Mara ya tatu mzee aliishusha klarineti. "Binti ana vidole," aliniambia mimi, si yeye. "Mguu hana."

Yalikuwa maneno yaleyale aliyowaambia wale watatu. Nilihisi kuta za ukumbi zinasogea. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro robo.

Zlatina hakubisha. Aliweka besi chini taratibu, akanivuta mkono mpaka kwenye ngazi za nje, akatoa simu yake. "Binamu yangu aliwarekodi video harusi ya Agosti. Hesabu na mimi."

"Sihitaji kuhesabu. Wimbo huo naupiga hata nikiwa usingizini."

"Ndiyo maana uhesabu."

Nikahesabu kwa sauti, nikijiona mjinga. Fupi, fupi, ndefu, fupi, fupi. Tulipofika kona ulimi wangu ulisema tatu, na mkono wangu ndani ya simu ulikuwa umekwisha kupita. Pale ndefu ilikuwa fupi. Mapigo kumi. Nilimwambia arudishe. Alirudisha mara nne, na mara zote nne mkono wangu uliruka pamoja na klarineti, laini kabisa, kwa ustadi ambao mgeni asingeugundua. Na kwenye video watu sabini walioshikana mikono waliruka kidogo kwa mguu wa kushoto, palepale, wazee kwa watoto.

"Wilaya nzima inaruka," Zlatina alisema. "Mimi nilidhani ndivyo mababu walivyocheza. Nilirukaruka hivyo kule pwani wakanicheka mpaka nikaona haya."

Nilicheka kidogo, halafu kicheko kikakatika.

Zamani mama mkwe wangu, Tsvetana, ndiye aliyekuwa akiongoza mstari wa wachezaji, kitambaa mkononi. Kila wakifika kona, katika ile ndefu, aligeuka akamtazama mumewe jukwaani, kisha akaendelea. Miaka minane iliyopita tulimzika Januari, na Mei tukapiga harusi ya kwanza bila yeye. Tulipofika kona, mzee alilimeza lile pigo. Alipita pale mbio kama mtu anayepita mbele ya mlango asiotaka kuuangalia. Mimi nilimwona, na kabla sijafikiri nikaruka naye ili asiaibike mbele za watu. Nilidhani ni siku ile tu. Jumamosi iliyofuata akalimeza tena, nami tena nikaruka. Vidole vilizoea, kisha masikio yakazoea, kisha nikasahau. Wale watatu niliowaleta walikuwa wanapiga sawasawa. Mmoja nilimwita mbumbumbu na nikamrudisha kituo cha treni bila hata kumnunulia kahawa.

"Kumbe mlango nimeufunga mwenyewe," nilisema.

"Iko njia rahisi," Zlatina alisema. "Nionyeshe unavyomeza. Dakika tano tu. Narudi ndani, naruka, mzee anasema huyu ndiye, na wewe saa saba unampa Asen jibu lake."

"Utafanya hivyo?"

"Nitafanya. Nataka kurudi nyumbani." Alitafuna mbegu ya alizeti, akatema ganda. "Ila niambie, wewe uliyekaa humo. Nikishaanza kuruka naye, nitaacha lini?"

Nilitamani sana, sitasema uongo. Dakika tano, na ningekuwa huru. Lakini nilimwona kichwani mwangu akiwa na umri wangu, kwenye ngazi hizihizi, akinusa nyuzi za mtu mwingine na kuomba Mungu huyo ndiye awe wa kumtoa.

Nilirudi ndani nikaivaa besi yangu. "Mzee, mara moja na mimi."

"Na wewe nikujaribu?" Alicheka. Akaanza.

Sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulipofika kona niliushika mkono wangu kwa nguvu zangu zote, maana ulikuwa unataka kukimbia, nikaiacha ndefu iwe ndefu. Klarineti ilijikwaa. Kosyo akatukana.

"Unaumwa?" mzee aliuliza.

"Tena, Baba."

Ikawa vilevile. Mara ya tatu aliitoa klarineti mdomoni, akaitazama, kisha akanitazama mimi. Hakuna anayeujua wimbo ule kama yeye. Nilimwona akihesabu moyoni, na niliona alipofika.

"Tangu lini?"

"Tangu ile harusi ya Mei. Baada ya Mama."

Akamgeukia Kosyo. "Na wewe ulijua?"

"Mimi nafuata besi, mzee. Sijahesabu tangu nizaliwe."

Zlatina alikuwa amesimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Mzee aliketi juu ya kiti cha kukunja, akaipangusa klarineti ambayo haikuwa na uchafu.

"Miaka minane," alisema. "Mnaniongoza kama kipofu na hakuna anayenong'ona."

"Nilitaka kukusitiri, Baba."

"Ulinisitiri. Kisha ukaanza kunichukia."

Sikukana. Sikuwahi kulisema hilo hata kwa mke wangu, na lilipotamkwa niliona aibu na nafuu kwa pamoja. Yeye alitikisa mkono, kama kusema hayo tutayaongea siku nyingine, akasimama.

"Polepole," alisema. "Kuanzia kona."

Tulianza. Alilimeza. Tukaanza tena, akalimeza nusu, akalaani mababu wa mti uliotengenezewa klarineti ile. Kila mara alifunga macho na kuniegemea, nilihisi uzito wake mzima kwenye nyuzi zangu; ningeacha hata noti moja angeanguka. Jasho lilikuwa linamtoka. Hakuomba kupumzika nami sikumpa nafasi, na saa ya ukutani iliendelea kutembea bila kumngoja yeyote wetu.

Saa saba kamili simu yangu iliita juu ya amplifaya. Iliita, ikazunguka yenyewe kwa mtetemo. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini na mzee alikuwa katikati ya sehemu ya pili, kwa mara ya kwanza akienda bila kusita. Niliitazama simu kama mtu anavyotazama basi lake likiondoka.

Ndipo nikasikia besi yangu imenenepa. Nilifikiri ni spika. Zlatina alikuwa amechomeka waya wake kwenye amplifaya nyuma yangu na kuingia chini ya mpigo wangu, kimya kimya, noti kwa noti, akizinyamazisha mapema kama nilivyomwonyesha asubuhi. Niliondoa mkono wa kulia. Besi haikukatika. Katika miaka kumi na sita sikuwahi kuisikia bendi hii bila mikono yangu ndani yake. Ilikuwa nzuri, na iliniuma kwamba ilikuwa nzuri.

Nikapokea simu.

"Naiden, ni Asen. Unakuja, au tutafute mwingine?"

Walikuwa wanakaribia kona. Mzee aliinua kidevu, macho yamefumbwa. Aliingia kwenye ile ndefu na hakukimbia. Aliishika yote, mapigo matatu kamili, nafasi ya kumtosha mtu kugeuka, kutazama, kisha kuendelea na safari yake. Zlatina alikuwa sawa, na mzee akamwinulia nyusi zote mbili. Hata Kosyo alikuwa sawa.

Mguu wangu wa kushoto uliruka peke yake.

"Naiden? Uko?"

"Nakuja," nilisema. Niliutazama mguu ule kana kwamba si wangu. "Nakuja. Ila mwanzoni, Asen, mtanivumilia kidogo, mguu wangu bado unaruka."